Sauti Sol walikuwa kundi, si wasanii wanne waliosubiri kutengana

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijadili namna tunavyoandika habari za kundi la muziki la Sauti Sol. Tangu wanachama wake wanne watangaze Mei 2023 kwamba wangeacha kufanya kazi pamoja kwa muda usiojulikana, na hasa baada ya tamasha la kuaga walilolifanya Nairobi Novemba mwaka huo, kurasa za burudani zimekuwa na swali moja tu juu yao: nani anang'aa zaidi akiwa peke yake? Tunaambiwa nani ametoa albamu, nani amealikwa ng'ambo, nani amevaa nini. Ukizisoma habari hizo kwa mfululizo utadhani kwamba ile miaka 18 ya kundi ilikuwa chumba cha kungojea tu, na kwamba safari yenyewe imeanza sasa.

Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule ya upili na nimefundisha kwaya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Kwa sikio la kazi hiyo, ninasema kwamba kile walichokifanya Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi kwa sauti zao, huku Polycarp Otieno akiwashikia gitaa, hakigawanyiki kwa wanne. Hakuna aliyeondoka na robo yake. Kilikuwepo walipoimba pamoja na sasa hakipo, na bado sijaona ukurasa wa gazeti ukikitaja kilichokosekana ni nini hasa.

Mwanzo wao unajulikana, ingawa mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa. Waimbaji hao watatu walikutana katika Shule ya Upper Hill, Nairobi, wakawa katika kundi la Voices in the Light lililokuwa likiimba bila ala. Mwaka 2005 walijiunga na Otieno, mpiga gitaa, na Sauti Sol ikazaliwa. Jambo ambalo halisemwi ni kwamba shule za nchi hii zina utaratibu mkongwe wa kuwalea waimbaji wa namna hiyo. Mashindano ya Kenya Music Festival yalianza mwaka 1927, na hadi leo yanawapandisha wanafunzi ngazi kwa ngazi hadi kitaifa, ambako washindi hupata nafasi ya kutumbuiza mbele ya Rais. Kijana anayeingia katika kwaya ya shule hafundishwi kwanza kung'aa. Anafundishwa nota za sol-fa (do, re, mi) ubaoni, anapewa sauti yake, iwe ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, anaizoea akiwa na wenzake wa sauti hiyo pekee, kisha siku inafika anawekwa kati ya watu wanaoimba kitu kingine kabisa, naye anatakiwa asiyumbe.

Hapo ndipo kazi ilipo. Mwimbaji wa sauti ya kati, ambaye mara nyingi hana hata sehemu moja ya wimbo ambayo msikilizaji ataondoka akiipiga mluzi, analazimika kusikiliza kuliko anavyoimba. Lazima aifungue irabu yake kwa upana uleule wa mwenzake, kwa sababu "a" moja ikiwa pana na nyingine nyembamba, mapatano ya sauti yanachafuka hata kama nota ni sahihi. Lazima avute pumzi mahali ambapo mwenzake havuti. Lazima ajue kupunguza sauti pale ubeti unapokuwa wa mwingine, na kuirudisha bila kishindo. Kiswahili, kwa bahati njema, kinatusaidia sana katika kazi hii, kwa kuwa silabi zake karibu zote huishia kwa irabu safi, na kwaya inayoimba Kiswahili huyeyushana upesi kuliko inayoimba Kiingereza chenye konsonanti zinazokatika kila mmoja kwa wakati wake. Nawaambia wanafunzi wangu hivyo kila mwaka, nao hawaamini mpaka wajisikie wenyewe kwenye simu.

Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ilitoka mwaka 2008. Itakumbukwa kwamba redio zetu wakati huo zilijaa genge, kapuka na bongo fleva, mitindo ambayo makundi yake mengi yalikuwa ya watu wanaopokezana: huyu anashika ubeti wa kwanza, yule wa pili, na kiitikio kinaachiwa mtu wa tatu. Vijana wanaoimba kwa wakati mmoja, juu ya gitaa lisilo na umeme mwingi, kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha za nyumbani, walikuwa kitu cha pembeni. Wimbo wa "Lazizi" ulipenya kwa sababu ya utamu wake wa mapenzi, lakini "Blue Uniform", uliozungumzia polisi, ulionyesha jambo kubwa zaidi, kwamba sauti zilizopangwa kwa utulivu zinaweza kubeba lawama nzito bila kupiga kelele. Sipendi kuwaita waanzilishi, maana si kweli. Miaka ya tisini tulikuwa na Five Alive, kundi lililomlea Eric Wainaina, na kabla ya hapo Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga ilikuwa imeiingiza sauti ya kwaya ya Kenya katika santuri zilizouzwa duniani, ikiwemo Missa Luba. Sauti Sol walichofanya ni kuipeleka elimu hiyo katika soko la pop na kudumu humo. Hilo la kudumu ndilo gumu.

Sol Filosofia ya mwaka 2011 ilikuwa na "Coming Home" na "Soma Kijana", na kwa maoni yangu ndiyo albamu ambayo mtu anayetaka kuelewa sauti zao aisikilize kwanza, kabla ya nyimbo za sherehe. Mwaka uliofuata walitoa kazi fupi pamoja na Spoek Mathambo wa Afrika Kusini, yenye mitambo mingi zaidi. Haikuwa ya kila mtu. Iliwafundisha, hata hivyo, kitu walichokitumia baadaye: kwamba mapatano ya sauti yanaweza kusimama juu ya ngoma ya kielektroniki iwapo aliyepanga anajua kuacha nafasi.

Kisha yakaja yale yanayokumbukwa na wote. "Nishike" ya mwaka 2014 ilizua mabishano kwa sababu ya video yake, na baadhi ya vituo vya televisheni vikakataa kuionyesha. Tulijadili vifua vyao kwa wiki nzima na sikumbuki mtu yeyote aliyejadili koo zao. Mwaka huohuo walitoa "Sura Yako", wakatunzwa tuzo ya MTV Europe ya msanii bora wa Afrika, na Julai 2015 Rais Barack Obama alipoandaliwa dhifa Nairobi alisimama akacheza nao lipala, mchezo wa wimbo huo. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Ukiutoa mchezo na ugeni wa rais ukabaki na wimbo peke yake, utaona kwamba kiitikio chake kimepangwa kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kukiingia: mwenye sauti nzito anapata pa kushika, mwenye sauti nyembamba naye anapata pake. Ndiyo maana harusini, ambako kuna shangazi na wajukuu, hakuna anayeachwa nje. Mwanamuziki mmoja mwenye sauti nzuri anaweza kuandika wimbo wa kupendwa, lakini wimbo wa kuingiliwa na ukumbi mzima huandikwa kwa urahisi zaidi na watu ambao tayari wanaimba wakiwa wengi.

Albamu ya Live and Die in Afrika ilitoka mwishoni mwa 2015. Ndani yake kuna "Nerea", waliyoimba na Amos na Josh, wimbo unaomwombea mtoto ambaye bado hajazaliwa aachwe azaliwe, kwa kutaja majina ya watu mashuhuri. Nina maswali yangu kuhusu ujumbe wake, lakini sauti zake sina la kuzilaumu. Wimbo ninaotaka kuuzungumzia zaidi, hata hivyo, ni "Kuliko Jana".

Katika "Kuliko Jana", walioimba na RedFourth Chorus, kundi lilirudi lilikotoka. Sijui kundi lingine la pop katika eneo letu, likiwa kileleni mwa umaarufu wake, lililothubutu kuwapa wasikilizaji sala iliyopangwa kama wimbo wa kwaya na kuziacha koo zifanye kazi karibu yote. Mstari wa kuongoza ni mwepesi, mtoto wa darasa la pili anaweza kuushika. Uzito wote uko chini yake, katika jinsi sauti za kati zinavyosogea hatua moja moja huku ya juu ikitulia, halafu zote zinafika mahali pamoja na kukaa. Mwalimu yeyote wa kwaya anayeusikia anajua papo hapo kwamba mpangaji wake amewahi kusimama mbele ya waimbaji. Na tazama ulikokwenda wimbo huo baada ya hapo: ulitoka katika redio ukaingia makanisani, mazishini, katika gwaride za asubuhi za shule, bila matangazo na bila video ya kuzua rabsha. Kwaya nyingi zinazouimba leo hazina hata nota zake zilizoandikwa. Zimeunasa kwa sikio na kuupanga upya kila moja kwa uwezo wake. Ikiwa tunatafuta kipimo cha kazi ya kundi hili, ningependa tuanzie hapo kuliko kwenye idadi ya watazamaji mtandaoni.

Sitaki nionekane mshabiki asiyeona kasoro. Mfululizo wa nyimbo za ushirikiano uliozaa albamu ya Afrikan Sauce mwaka 2019 uliwapeleka mbali kibiashara. "Melanin" na Patoranking, "Girl Next Door" na Tiwa Savage na "Short N Sweet" na Nyashinski zilivuma, na hakuna wa kukana. Kwangu mimi ndicho kipindi walichoimba kidogo zaidi pamoja. Kila wimbo ulikuwa na mgeni wa kupewa nafasi, na sauti za wenyewe zikageuka mapambo ya kiitikio. Ukisikia baadhi ya nyimbo hizo bila kuambiwa ni za nani, unaweza kudhani ni za msanii mmoja na wasaidizi wake. Labda mbegu ya habari za leo zinazowatenganisha ilipandwa hapo, na wao wenyewe walishika jembe.

Midnight Train ya Juni 2020, iliyotoka chini ya Universal wakati janga la korona limefunga kumbi zote, ilirekebisha mengi. "Suzanna" na "Insecure" ndizo zilizopigwa sana, lakini ukitaka kusikia wanakumbuka nini, sikiliza "Brighter Days" waliyoimba na Soweto Gospel Choir. Ni vigumu kusimama karibu na kwaya ile bila kumezwa, nao hawakumezwa, kwa sababu hawakujaribu kushindana kwa ukubwa. Waliimba wakiwa sehemu yake. Ni masikitiko kwamba albamu yenye wimbo kama huo ilitoka mwaka ambao hakuna aliyeweza kuusikia ukumbini.

Kuna pia kazi waliyoifanya kwa waimbaji wengine, ambayo nadhani haijapewa haki yake. Lebo yao, Sol Generation, iliwatoa mbele watu waliokuwa wakiimba nyuma yao jukwaani. Bensoul na Nviiri walijulikana hivyo, na Crystal Asige, ambaye sasa ni seneta, alisikika nao katika "Extravaganza" ya mwaka 2019. Katika muziki wetu mwimbaji wa nyuma ni mtu asiye na jina. Analipwa kwa siku, anasimama gizani, na albamu ikitoka hatajwi. Kumtoa mtu huyo nyuma na kumpa ubeti wake ni tabia ya watu waliolelewa katika kwaya, ambako leo unaongoza na kesho unapewa sauti ya tatu na hakuna anayekasirika. Au tuseme wanakasirika, lakini wanaimba.

Wimbo huohuo wa "Extravaganza" ulirudi katika habari Mei 2022, kundi lilipopinga hadharani kutumiwa kwake na muungano wa kisiasa wa Azimio katika kampeni bila idhini yao. Mabishano yale yaliandikwa kisiasa mno, na swali la msingi likapotea: wimbo ulioimbwa na watu wengi kiasi hicho ni mali ya nani, na kila koo iliyosikika ndani yake inalipwa vipi? Mapema mwaka 2016 kundi la Elani, watatu wenye sauti tamu zilizopangwa kwa ustadi mkubwa, walikuwa tayari wamelalamika waziwazi kuhusu mirabaha midogo waliyopewa ikilinganishwa na jinsi nyimbo zao zilivyopigwa redioni. Msanii wa peke yake akipata kidogo, ana kidogo. Kundi likipata kidogo kilekile, linagawana. Nauli ni za watu wanne, vyumba ni vya watu wanne, mazoezi yanahitaji watu wanne wawe na nafasi siku moja, na mwandalizi wa tamasha ambaye angeweza kumwita mtu mmoja na muziki uliorekodiwa haoni kwa nini alipe zaidi. Kwa hesabu hiyo, la kushangaza ni kwamba walifika 2023.

Sasa kuhusu kazi zao za peke yao. Sina kinyongo nazo. Bien ni mtunzi hodari na amelithibitisha hilo. Savara na Chimano wametoa nyimbo zenye sura zao wenyewe. Otieno hahitaji kutetewa na yeyote aliyewahi kusikia kidole chake kwenye waya. Ninachotaka wasomaji wasikie ni tofauti moja ya kiufundi. Msanii wa peke yake anapotaka mapatano katika studio, kwa kawaida hurekodi sauti yake mwenyewe mara kadhaa na kuzipanga moja juu ya nyingine. Zinapatana, tena zinapatana kupita kiasi, kwa kuwa pumzi ni ileile, lafudhi ni ileile, hata namna ya kukosea ni ileile. Watu watatu tofauti wakiimba nota zilezile, kunabaki msuguano mdogo kati yao, ukwaru fulani, ambao sikio huutambua kama uhai. Huo mitambo haiutengenezi, na ndio msikilizaji anaoukosa bila kujua anakosa nini anaposema kwamba nyimbo za siku hizi ni nzuri lakini hazimshiki.

Nalisema haya pia kwa sababu chanzo cha waimbaji hao hakiko salama. Muziki katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, ulikuwa somo la hiari ambalo shule nyingi hazikulifundisha, na kwaya ilisimama kwa hisani ya mwalimu mmoja aliyeipenda. Katika mtaala mpya wa umilisi, sekondari ya juu imepewa mkondo wa sanaa na michezo, jambo ambalo nalishangilia, lakini mkondo bila mwalimu na bila kinanda ni jina katika karatasi. Mzazi anayeniuliza mtoto wake atapata nini katika kwaya hajawahi kusoma gazetini kwamba bendi ambayo nyimbo zake alizicheza harusini mwake ilitoka katika kwaya ya shule. Amesoma kwamba mmoja wao ana upara unaopendeza.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili kwa gazeti lako. La kwanza, mnapohakiki wimbo wa kundi lolote, liwe H_art the Band, Elani au vijana ambao bado hawajajulikana, mwandishi aseme nani anaimba sauti ipi na nani aliyepanga, kama vile mwandishi wa kandanda asivyoweza kuandika bao bila kutaja aliyetoa pasi. La pili, kila mwaka shule zinapokutana kwa fainali za kitaifa za muziki, habari hiyo hupewa mwandishi wa elimu, naye huandika ni gavana gani aliyehudhuria. Mtumeni wa burudani pia. Akae siku nzima katika ukumbi wa kwaya za shule za upili, aulize nani alipanga wimbo na kwa muda gani ulifanyiwa mazoezi, kisha achapishe majina ya walimu hao pamoja na ya shule zao.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa kwaya,
Nairobi